Wagosi, nataka kununua jiko la indaksheni, nijue nini kabla sijatoa hela?

#1 mpangaji_makorora
Wakuu salaam. Gesi imeniishia katikati ya mwezi tena na mkaa siku hizi unanunua kwa kuhesabu vipande, nimeamua nihamie umeme. Kuna duka Ngamiani, hapa Tanga mjini, nimeona jiko la kioo la plate moja, wati 2000, muuzaji anasema ni indaksheni na "sufuria yoyote inakubali", laki kasoro. Sasa jirani yangu alikuwa na kama hilo hilo, siku moja likazima ndo ikawa basi, na anaapa majiko haya hayaiwezi hewa ya pwani. Mi nimepanga, chumba na sebule, mita moja tunachangia wapangaji wanne. Mapishi yangu wali, ugali, samaki. Walio nalo semeni ukweli.

#2 Fundi_Chumbageni
Mkuu ukiambiwa sufuria yoyote inakubali, hilo sio indaksheni, ni infraredi. Wauzaji wanayachanganya, wengine kwa kutojua wengine makusudi, maana kwa juu yote ni kioo cheusi na vitufe vya kugusa. Infraredi ndani ina waya unaowaka mwekundu unauona kabisa, unapasha kioo, kioo ndo kinapasha sufuria. Indaksheni haiwaki wekundu. Ndani kuna koili ya shaba imezungushwa duara, ukiwasha inatoa usumaku unaogeuka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde na huo ndo unaifanya sufuria yenyewe ipate moto, kioo kinapata joto la kurudishiwa tu. Dukani mwambie aliwashe bila kitu juu. Likiwaka wekundu ni infraredi, likilia pii pii likakataa ni indaksheni. Na nenda na sumaku mfukoni.

#3 wa_Mkwakwani
Hamia kwa mama mkwe, gesi ya kule haiishi.

#4 mama_wa_Duga
Naunga mkono #2, sumaku kwanza. Mi nilichomoa ile ya spika mbovu ya mwanangu nikapita nayo jikoni sufuria moja moja. Za alumini zote, seti nzima ya kutunzwa harusini, hakuna hata moja iliyonasa. Za stenlesi zinazong'aa ambazo nilikuwa natoa wageni wakija, moja imenasa mbili zimekataa. Iliyonasa mpaka kuibandua ni kazi ni sufuria ya enameli ya bibi, ya bluu yenye madoadoa meupe, ukingo umebanduka unaona chuma cheusi, tulikuwa tunawekea pumba za kuku. Ndo inayopika mchuzi nyumbani kwangu sasa hivi. Kuku wamehamishiwa ya alumini.

#5 binti_Pongwe
😂😂 kuku wamepanda cheo. Sasa dada, stenlesi si chuma zote, kwa nini nyingine zikatae?

#6 ticha_fizikia
Binti, stenlesi ziko aina aina. Iliyoandikwa 18/10 au 18/8 ina nikeli ndani yake, mara nyingi sumaku haishiki. Isiyo na nikeli, wenyewe wanaiita 430, inashika vizuri. Ila angalia chini sio ubavuni, kuna sufuria mwili wake alumini au 18/10 lakini kitako kimebandikwa sahani ya chuma, hiyo inapika bila tatizo. Kwenye kitako huwa kuna alama kama ya springi iliyolazwa. Usiiamini alama peke yake, sumaku haidanganyi.

#7 Fundi_Chumbageni
Kwa kifupi alumini haishiki sumaku ndo maana haipiki. Mwisho wa habari.

#8 ticha_fizikia
Sio mwisho fundi wangu. Usumaku wa lile jiko unaamsha umeme wa kuzunguka hata ndani ya alumini na shaba, tatizo hizo zinaupitisha kwa ulaini mno, haupati upinzani, joto linakuwa dogo. Kwenye chuma umeme unabanwa kwenye ngozi nyembamba sana ya kitako, ukibanwa ndo unaleta joto. Ndo maana kuna majiko ya Kijapani yanapika mpaka kwenye alumini, yameongezwa kasi ya kugeuka kwa usumaku, ila bei yake hatuizungumzii hapa.

#9 Raskazone_kijana
Mi nilisoma mahali kwamba ni chembe za usumaku ndani ya chuma zinageuzwa geuzwa zinasuguana ndo zinatoa moto.

#10 ticha_fizikia
Hiyo nayo ipo ila mchango wake mdogo. Kubwa ni umeme wa kuzunguka.

#11 Fundi_Chumbageni
Ticha mimi nafungua haya majiko kila wiki. Jiko haliulizi chembe, linapima kama juu yake kuna chuma, likikuta hakuna linazima koili. Ndo hicho mteja anahitaji kujua.

#12 bwana_LUKU
Tuache chembe, jamaa hana hela ya kuchezea. Tatizo la indaksheni ni moja tu, inakula umeme kama haina akili nzuri. Wati 2000! Utapika wali wiki moja uniti zimekwisha.

#13 mama_wa_Duga
Bwana LUKU umewahi kuwa nalo au unasimulia?

#14 mhasibu_Kange
Ngoja tupige hesabu maana kila uzi wa majiko unaishia kwenye "inakula umeme". Lita mbili za maji kutoka joto la hapa kwetu hadi kuchemka zinataka kama uniti 0.17 za joto. Indaksheni inaingiza kwenye sufuria kama asilimia 85 ya umeme wake, kwa hiyo unatumia 0.2 hivi, dakika sita. Bei ya uniti ni 292, basi chini ya shilingi 60. Gesi, kilo moja ina nguvu kama ya uniti 12 na nusu, mtungi wa kilo 6 ni kama 75, lakini jiko la gesi la kawaida zaidi ya nusu ya moto unapanda ukutani, tuseme zinazofika kwenye chakula ni 35. Kuzipata 35 kwa indaksheni unahitaji uniti 41. Mtungi wa kilo 6 siku hizi nani ananunua chini ya elfu 20?

#15 kigoli_Mikanjuni
292 ni kabla ya makato mkuu. Ongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3, EWURA (mdhibiti wa nishati) 1, inakuja 356. Hizo uniti 41 zako ni kama 14,600.

#16 mhasibu_Kange
Sahihi, 356. Bado iko chini ya mtungi.

#17 bwana_LUKU
Hesabu za karatasini. Na wale wa tariff 4, lile daraja la bei ya watumiaji wadogo, je? Wanapata uniti kwa 100, na makato 122, lakini mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukishaweka jiko la wati 2000 ukapika asubuhi mchana jioni, uniti mbili kwa siku zimeondoka, hiyo ni 60 kwa jiko peke yake, bado friji, feni, tivii. Ukivuka 75 kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato. Ukizoea kuvuka unahamishwa kabisa. Dada yangu Muheza yalimkuta, alikuwa anapata uniti nyingi kwa elfu tano, sasa hivi ukimtajia hilo jiko anabadilika rangi.

#18 kigoli_Mikanjuni
Una uhakika ni jiko? Kuna mwezi unanunua umeme unakuta 1,500 ya kodi ya jengo imekatwa juu kwa juu, na kama hakununua mwezi uliopita anakatwa ya miezi miwili kwa pamoja.

#19 Raskazone_kijana
Au friji. Mpira wa mlango wa friji ukilegea, kwa joto hili la kwetu mota hailali. Watu wanalaumu jiko jipya kwa sababu ndo jipya.

#20 bwana_LUKU
Friji lake lina miaka pale na lilikuwa halina shida. Nyie mmelipenda jiko.

#21 mpangaji_makorora
Shukrani wakuu nasoma yote. Hakuna aliyegusa la jirani yangu, kwa nini lilikufa? Alikuwa analiweka juu ya meza sebuleni, limekaa vizuri tu halijawahi kuanguka.

#22 Fundi_Chumbageni
Meza ina kitambaa cha plastiki?

#23 mpangaji_makorora
Kina, kile cha maua.

#24 Fundi_Chumbageni
Basi hapo. Chini ya jiko kuna feni inavuta hewa ya kupooza bodi na koili. Plastiki laini inapata joto inanyanyuka inanyonywa pale kwenye matundu, hewa haipiti. Mwanzo linazima lenyewe kila baada ya dakika kadhaa, mtu anasema "lina kasumba", analiwasha tena, linazima, analiwasha. Siku inapopasuka transista kubwa ile ya IGBT, inayowasha na kuzima umeme wa koili, utasikia pah! na fyuzi imekwenda nayo. Kila ninalofungua la namna hiyo chini yake nakuta ama plastiki ama kanga.

#25 mvuvi_DeepSea
Mimi siamini plastiki. Sisi tuko hapa Deep Sea, nyumba iko kama kutupa jiwe tu toka majini. Chuma chochote ndani ya mwaka kina kutu, redio inaliwa, hata misumari ya bati. Ile feni inavuta hewa ya chumvi moja kwa moja ndani ya bodi, na usiku ikitulia ule unyevu unaganda humo humo. Jirani wa jamaa yuko sahihi, pwani hapana.

#26 mama_wa_Duga
Mbona la kwangu linaishi na Duga ni pwani hiyo hiyo? Nikimaliza kupika nalichomoa nalifunika. Kilichokuwa kinataka kuliua ni mende. Nilisikia harufu ya kuungua kama nywele, fundi alipofungua akawakuta wamejaa pembeni ya ile chuma ya kupoozea, wanafuata joto, mmoja kakauka katikati ya miguu miwili ya kifaa fulani kapiga shoti. Sasa kila jumamosi nakung'uta matundu ya chini kwa brashi ya viatu.

#27 wa_Mkwakwani
Mende wa timu yetu ya Coastal Union hao, popote penye joto wanajaa halafu hawafungi goli.

#28 Mgosi_wa_Kaya
Jibu jiko mzee, Coastal umeikuta wapi.

#29 fundi_umeme_Majani_Mapana
Wote mnazunguka, ulizeni volteji. Nyumba za kupanga nyingi huku mtaani waya umeunganishwa unganishwa toka chumba hadi chumba. 230 inayotakiwa jioni watu wakiwasha vitu unapima unakuta 180. Halafu umeme ukikatika ukarudi, unarudi kwa kishindo, hapo ndo bodi inakufa. Jiko la wati 2000 linavuta kama ampea 9, lichomeke kwenye soketi ya ukutani yenye waya mnene wa 2.5 (milimita za mraba), sio kwenye ekstensheni ya buku tano yenye waya mwembamba kama wa chaja. Shika plagi baada ya dakika kumi za kupika, ikiwa ya moto kiasi cha kutoa mkono acha, kabadilishe soketi. Na msichomeke kwenye fridge guard (kile kifaa cha kulinda friji umeme ukiyumba) ndogo ya ampea 5 mkadhani mmelilinda, mtaiua hiyo guard. Chukua ya ampea 13.

#30 Fundi_Chumbageni
Volteji ikishuka majiko mengi yanaonyesha alama ya hitilafu, E na namba, yanajizima, hayafi kwa hilo.

#31 fundi_umeme_Majani_Mapana
Yanayojizima ni yale yenye ulinzi. Hayo ya laki kasoro yanaandika E kama pambo.

#32 mvuvi_DeepSea
Na chumvi mmeiruka kimya kimya.

#33 bi_mkubwa_Ngamiani
Assalaam aleykum wanangu. Mi nataka kuuliza tui. Mwanangu wa Dar kaniletea hilo jiko na sufuria yake, maji linachemsha upesi mashallah. Lakini nikiweka tui la nazi na samaki nikashusha moto hadi wati 400, linachemka kwa nguvu kama limepandwa na shetani, mara kimya hata povu hakuna, mara tena linachemka. Tui linanikatika kila siku. Makaa hayakuwa yananifanyia hivi.

#34 Fundi_Chumbageni
Wa aleykum salaam bibi yangu shikamoo. Hayo majiko ya bei ya chini hayajui kupunguza moto kwelikweli. Ukiweka 400 linawaka kwa 1000 hivi sekunde chache, linazima sekunde chache, wastani ndo unakuja 400. Ya bei kubwa yanashusha pawa yenyewe bila kukata. Kabla ya kununua mtu aweke maji, ashushe hadi namba ya chini, atazame: mapovu yakija na kuondoka ujue ni la kukata. Wewe tafuta sufuria yenye kitako kizito, joto linabaki kwenye chuma hata jiko likijizima.

#35 mama_wa_Duga
Shikamoo bibi. Mi tui zito naweka mwisho kabisa, nazima jiko nakoroga na joto la sufuria. Tui jepesi ndo linapika samaki. Na chunga lisifurike, likimwagikia vile vitufe jiko linaanza kupiga kelele linazima lenyewe, na vidole vyenye maji havisikilizwi.

#36 bi_mkubwa_Ngamiani
Marahaba. Tui la mwisho nalijua tangu hujazaliwa, nazungumzia la mwanzo. Na wali nitaupaliaje? Makaa juu ya mfuniko hapo hapawekwi.

#37 binti_Pongwe
Bibi siku hizi hatupalii, tunafunika na foili moto mdogo.

#38 bi_mkubwa_Ngamiani
Huo sio wali, ni mchele uliochemshwa.

#39 mhasibu_Kange
Bibi kamaliza 😂. Ila ukoko wa indaksheni nao ni wa ajabu, sufuria ikiwa nyembamba unapata duara katikati limeungua kahawia ukubwa wa koili ya ndani, pembeni mchele mweupe hata haujakauka. Sufuria pana kuliko koili haisaidii kitu.

#40 mpangaji_makorora
Ugali je?

#41 Raskazone_kijana
Ugali ndo mtihani. Sufuria inateleza kwenye kioo, ukiibana kwa nguvu unaogopa kioo, ukiinyanyua kidogo tu jiko linadhani umeondoka linalia. Mi nasonga pembeni, nashusha sufuria chini kwenye kata nasonga, narudisha kuivisha. Na sufuria nzito ukiidondosha juu ya kioo kimekwenda, kikipasuka usiendelee kupikia, maji yanaingia kwenye umeme.

#42 kigoli_Mikanjuni
Ushauri wangu kwa mleta uzi, kwa hela hiyo hiyo angalia presha kuka ya umeme. Maharage, makongoro, hata wali, inavuta wati 1000 hivi na ikishapata presha inajizima zima yenyewe, maharage hayafiki uniti moja. Serikali nayo tangu mkakati wa nishati safi wa 2024 inazisukuma sana, wanataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya watu tuwe tumeachana na kuni na mkaa.

#43 bwana_LUKU
Presha kuka utakaangia samaki? Utapikia chapati?

#44 kigoli_Mikanjuni
Sikusema chapati. Kwa chapati indaksheni ni nzuri, tawa la chuma zito linakaa vizuri mno, ila lianze moto wa kati, ukiwasha wa juu likiwa tupu linapinda kitako halikai tena sawa kwenye kioo.

#45 mstaafu_bandari
Niongeze la afya. Mimi nimepandikizwa kile kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, daktari aliniambia jiko la aina hii nisilikaribie chini ya sentimita 60, yaani nisiinamie sufuria. Wenye wazazi wa namna hii ndani ya nyumba mlijue. Na hawa wanaosema lina mionzi ya kansa, usumaku wake sio kama wa eksirei, hauko hata karibu.

#46 ticha_fizikia
Umesema kweli mzee, pole na shikamoo. Na sufuria ikiwa ndogo kuliko duara au imekaa pembeni, usumaku unaovuja unakuwa mwingi zaidi, kwa hiyo iwekwe katikati.

#47 mpangaji_wa_Makorora_pia
Mi naona hamjagusa kidonda chenyewe, mita ya watu wanne. Nilinunua jiko la umeme, la koili wala sio hili, wapangaji wenzangu wakaacha kuchangia. Kila umeme ukiisha "tumuulize mwenye jiko". Mwenye pasi haulizwi, mwenye friji mbili za kuuza barafu haulizwi.

#48 mpangaji_makorora
Hilo ndo linaloninyima usingizi kuliko mende. Mkifunga mita ndogo ya ndani kwa kila chumba inasaidia?

#49 fundi_umeme_Majani_Mapana
Inasaidia, zipo za kuhesabu tu, kila mtu analipia zilizosomeka kwake. Ila mwenye nyumba akubali na afunge fundi mwenye leseni, na taa ya korido na pampu ya maji mkubaliane mapema nani analipa, maana hapo ndo ugomvi unahamia.

#50 bwana_LUKU
Na kama nyumba ni tariff 4, watu wanne kwenye uniti 75, jiko lako litawatoa wote kwenye 100. Watakufukuza kabla mwenye nyumba hajajua.

#51 mhasibu_Kange
Watu wanne wenye friji mbili za barafu wapo tariff 4 bado? Walishatoka zamani hao.

#52 mpangaji_wa_Makorora_pia
Friji ni za kwangu mimi sio za mleta uzi, msichanganye nyumba. Namaanisha nyumbani kwangu.

#53 wa_Mkwakwani
Kumbe mwenye friji za barafu ni wewe 😂😂

#54 mpangaji_wa_Makorora_pia
Za nyumba ninayokaa!! sio zangu. Soma.

#55 mama_vitumbua
Samahani naingilia, chuma changu cha vitumbua sumaku inanasa kabisa, cha zamani kizito. Naweza kupikia hapo? Asubuhi natoa vya kuuza, mkaa unanimaliza.

#56 Fundi_Chumbageni
Kupata moto kitapata ila vibaya. Vile vishimo kwa chini ni vya mviringo, vinagusa kioo kwa ncha tu, usumaku ukipanda sentimita moja umeshaisha nguvu. Vya katikati vitaungua vya pembeni vitabaki uji, na majiko mengine yatakataa kukitambua. Karai nalo hivyo hivyo.

#57 mama_vitumbua
Na ile sahani ya chuma ya kuweka kati ya jiko na sufuria? Naona wanaitangaza, eti inakubali vyombo vyote.

#58 ticha_fizikia
Inafanya kazi lakini umegeuza indaksheni kuwa plate ya kawaida, joto linapotea na sahani ikipata moto sana linarudi chini kwenye kioo. Kwa biashara ya kila asubuhi bora infraredi ya wati za kutosha.

#59 mvuvi_DeepSea
Infraredi nayo ina feni. Chumvi hiyo hiyo.

#60 mama_wa_Duga
Mama vitumbua unauzia wapi, Makorora au Mgandini? Kesho nipite.